Fimbo Juu ya Pango la Pweza

Ngano hii aliitoa kwanza bibi yangu mzaa baba, Mafunda binti Haji, mwaka ule vuli ilipopita bila mvua. Aliitoa hivi, nami sikuongeza.

Paukwa!

Pakawa!

Hapo kale paliondokea kijiji, na mbele yake mwamba. Maji yakitoka, wanawake walishuka kuvua pweza. Kila mmoja alikuwa na mapango yake, aliyorithi kwa mama yake. Ukilaza fimbo mdomoni mwa pango lako, mwingine haligusi.

Ikaja miaka ya joto. Bahari ikawa vuguvugu kama maji ya kumwogeshea mtoto. Matumbawe yakawa meupe, meupe kama mifupa. Samaki wakahamia kilindini, ngalawa zisiwafikie. Wanawake wakashuka, chwa, chwa, chwa. Wakachokoa mapango, ko, ko, ko. Matupu.

Pango moja tu lilikuwa na pweza. Lilikuwa refu, lenye maji baridi chini, na mwenyewe ni Bi Mwanatumu, mzee wao.

Mkwe wake, Mize, alikuwa na mtoto mgongoni, aliyechoka hata kulia.

"Mama, mtoe tule."

Bi Mwanatumu akainama, akachungulia. "Ni jike. Anaatamia mayai."

"Na mimi nimebeba nini mgongoni? Tumbawe?"

"Mwenye pango hakosi maneno!" jirani akadakia. "Tukiondoka atamla peke yake."

Bi Mwanatumu akamgeukia mkwewe. "Mize, mwanangu, jike akiatamia hali kitu. Mtazame alivyonyauka. Leo tutapata tonge moja moja. Kesho hatabaki pweza hata wa dawa."

Akalaza fimbo. "Pango hili si la mtu tena. Hata mimi silifungui mpaka mayai yaanguliwe."

Jioni, uji wake wa muhogo akampa mjukuu. Kesho yake vilevile. Maji yakitoka, huyo pangoni, kulinda. Akakonda, akakonda.

Mayai yakaanguliwa. Jike akafa. Pweza wadogo walikuwa hawajafaa kuvuliwa Bi Mwanatumu alipozikwa.

Walipokua, Mize ndiye aliyeiondoa fimbo. Mtoto akala.

Bahari haikurudi ilivyokuwa. Lakini joto likizidi, wanawake wote hulaza fimbo.

Anayewazuia wenzake kula, aanze na sahani yake. Ngano yangu nimeitua hapa.

Bibi Mafunda hayupo. Mize hayupo. Yule wa mgongoni yu hai, na fimbo anayo yeye.