Dari Haina Dhambi

Wapendwa, leo nawapeleka kanisani. Najua mko kanisani, nawapeleka jingine. Liko huko milimani, la mawe, waumini wamelijenga wenyewe kwa miaka kumi na minne, kila kaya ikibeba mawe kichwani kutoka mtoni. Kuta zimepigwa saruji mpaka zinang'aa, sakafu ni marumaru, na dari iko juu kiasi kwamba ndege akiingia anasahau mlango. Jengo zuri! Kasoro yake moja tu: ukisema neno humo ndani, halitoki. Linapiga ukuta, linapanda darini, linarudi, linakutana njiani na neno la pili, wanagombana. Mchungaji akisema "Bwana asifiwe", akifika kwenye "asifiwe", "Bwana" bado anazunguka juu.

Wazee wa kanisa walifanyaje? Walifanya vile vile ambavyo mimi na wewe tungefanya. Wakaongeza spika. Mbili zikawa sita, sita zikawa kumi, kubwa kama makabati. Sauti ikawa kubwa kweli kweli, mbuzi wa bonde la pili wakawa wanainua vichwa. Lakini ndani, kuanzia benchi la saba kwenda nyuma, hakuna aliyeokota kitu zaidi ya vipande vya maneno. Watu wakajifunza kusema "Amina" pale mchungaji anaponyamaza kuvuta pumzi.

Mnacheka. Ninyi hamjawahi?

Sasa katika kanisa hilo kulikuwa na mawifi wawili. Majina siwaambii, mtaanza kutazamana. Mmoja alikaa benchi la kwanza, kwa sababu ni kiongozi wa kina mama. Yeye alimsikia mchungaji kutoka mdomoni, hakuhitaji spika. Mwingine, dada wa mume wake, alikaa benchi la mwisho karibu na mlango. Kwa nini akae mbali hivyo? Kwa sababu ya makande. Siku ya kipaimara cha binti wa huyu wa mbele, yule wa nyuma ndiye aliyepikia wageni, na wifi yake akasimama mbele ya watu wote akauliza, "Haya makande ni ya kula au ya kupanda?" Basi. Miaka tisa hawasalimiani. Makande, ndugu zangu!

Na mwaka huo binti yule yule wa kipaimara akapata mchumba. Sasa kwa desturi ya kwao, bibi harusi hatoki nyumbani mpaka shangazi amfunike kanga, amshike mkono, amvushe kizingiti. Na shangazi alikuwa mmoja tu, ndiye huyo wa karibu na mlango. Binti akaenda kwake mwenyewe, akapiga magoti.

"Shangazi, utanivusha?"

"Mwanangu, wewe nakupenda. Lakini kwenye mlango wa mama yako mguu wangu haufiki. Na hili silifanyi kwa kichwa changu. Ni mchungaji amenifundisha."

Amefundishwa na mchungaji! Binti akarudi nyumbani analia, haelewi ni mchungaji gani huyo.

Ikabaki wiki moja. Wazee wakasema, harusi hii itakuwa na wageni wengi, tuite fundi wa sauti aongeze spika ya kumi na moja. Fundi akafika, dada mmoja mchangamfu, amebeba begani kitu kirefu chembamba. Mzee wa kanisa akakizunguka mara mbili.

"Binti, sisi tuliomba spika. Hili si bomba?"

"Ni spika, baba. Humu ndani ziko thelathini na mbili, ndogo ndogo, zimepangwa kwenda juu."

"Ndogo? Sauti itafika darini kweli?"

"Haitafika, baba. Dari haina dhambi. Ya nini kuihubiria?"

Halafu akawauliza swali ambalo hawakuwahi kuulizwa tangu wabebe jiwe la kwanza: "Watu wanakaa wapi?" Akaenda benchi kwa benchi, akakaa kila moja, akapima masikio ya watu yako juu kiasi gani na mbali kiasi gani. Akayaandika kwenye kompyuta yake. Mmeshaona kina mama watatu wakitwanga kinu kimoja? Kila mmoja anachelewa kidogo kumpisha mwenzake, na kwa kupishana huko kazi yote inaingia kinuni, haimwagiki. Zile spika ndogo ndivyo zilivyopangwa. Hii inachelewa kidogo, ile inachelewa zaidi kidogo, na sauti zao zikikutana zinakwenda upande mmoja. Nguzo hiyo ya spika imesimama wima ukutani, haijasogea, lakini sauti imeinama kwa watu. Ukuta na dari havikupata kitu cha kurudisha. Yale makabati kumi akayazima.

Jumapili ikafika. Mchungaji akafungua kinywa, wazee wakashikana mikono: imeharibika! Maana neno lilisemwa, likaisha. Kimya. Likaja la pili. Mchungaji mwenyewe akatetereka kidogo, alizoea kusindikizwa. Lakini akajikaza, akatoa lile hubiri alipendalo, analolirudia kila mwaka. "Mwenzako akikuudhi," akasema, "msamehe! Akirudia, msamehe tena!"

Nyuma kabisa, karibu na mlango, mama mmoja akasimama.

"Baba mchungaji, naomba radhi. Umesema afanywe nini?"

"Msamehe, mama."

"Si mseme?"

"Hapana, mama. Msamehe."

"Yesu wangu! Miaka tisa mimi nasikia 'mseme, mseme, mseme tena!' Na nikasema Amina! Nikitoka hapa nilimsema sokoni, nilimsema mtoni, nilimsema hata kwenye foleni ya kliniki. Baba, nimetii mpaka nimekonda!"

Kanisa zima likavunjika mbavu. Mchungaji alicheka mpaka akavua miwani. Na yule mama akawa anateremka katikati ya mabenchi, analia na kucheka kwa pamoja, kanga imemdondoka bega moja, mpaka benchi la kwanza.

"Wifi yangu, nimekusamehe. Ningekuwa nimekusamehe zamani. Ni masikio tu."

Lakini yule wa mbele hakucheka. Alisimama, ameinamisha uso. Na kwa kuwa mchungaji alikuwa amesimama karibu naye na kipaza sauti, na nguzo ile haikuacha hata mnong'ono upotee, mwangwi haukuwepo tena wa kumficha, kila mtu alimsikia.

"Wifi, usijisumbue na masikio. Mimi nakaa hapa mbele. Nilisikia vizuri. Miaka yote tisa, kila neno." Akainua uso. "Na yale makande yalikuwa yameiva."

Vigelegele vilivyopigwa siku ile, hata yule fundi alisema hakuna mtambo wa kuvielekeza. Jumamosi shangazi akamfunika mwanawe kanga, akamvusha kizingiti. Na unajua karamuni kulipikwa nini? Mama wa bibi harusi alikula sahani mbili.

Sasa sisi. Mtoto hasikii, tunapandisha sauti. Mume hasikii, tunapandisha sauti. Nani kati yetu alishawahi kusogea kwanza, akauliza, huyu ninayesema naye amekaa wapi? Tunahubiria dari, ndugu zangu, halafu tunashangaa tukijibiwa na mwangwi wetu wenyewe.

Hilo ni la upande mmoja. La pili linaniuma mimi kwanza. Yule aliyesikia vibaya alitii. Aliyesikia vizuri alikaa tu. Kanisa letu hili ni dogo, la mbao, halina mwangwi wowote. Hapa hakuna aliyesikia "mseme". Hata wewe wa karibu na mlango, nakuona, umenisikia.

Tusimame tuimbe. Na wakati tunaimba, mwenye kutaka kuhama benchi, ahame.