Dhahabu ya Kina Pimbi

Hapo zamani za kale, kale ile ambayo hata kobe alikuwa kijana wa kukimbia, palikuwa na mlima wa mawe, na katika mapango yake waliishi pimbi. Mnamjua pimbi? Mdogo, mnene, masikio mafupi, mkia hana. Msimcheke. Sikilizeni kwanza.

Pimbi wana desturi moja: ukoo mzima, tangu enzi za mababu, hujisaidia mahali pamoja. Chini ya mlima ule palikuwa na jabali lisilofikiwa na mvua, ndilo choo chao. Mkojo wa miaka na miaka ulikaukia pale ukawa ukoko mgumu wa manjano. Jua likichomoza, loo! Ukoko unameremeta kama sahani za arusi. Kila mwaka waliambizana, "Jamani, choo kimejaa, tukabandue." Na kila mwaka, kazi ikifika, kila mmoja akaumwa mgongo.

Siku moja korongo, ndege wa safari ndefu, akapita juu asubuhi akauona mng'ao ule. Alipofika ng'ambo ya mto, kwenye baraza la Mfalme Simba, akasema, "Nimeona jiwe la manjano." Kunguru aliyesikia akasema ni mlima wa manjano. Kufika jioni ukawa mji wa dhahabu, wenyeji wake wanapikia dhahabu na kulalia dhahabu! Uvumi, wanangu, hauli chakula lakini hunenepa.

Basi wakaja wawili kuutafuta. Ndu! Ndu! Ndu! Jemadari Nyati mbele, Fisi nyuma na makapu matupu.

"Nani mwenye mji huu?" Nyati akanguruma.

Bi Pimbi akatoka pangoni, alikokuwa amelaza watoto wachanga. Mumewe akajibanza nyuma yake, meno yakigongana, ka-ka-ka.

"Karibuni, wageni. Mji gani tena, baba? Haya ni mawe tu."

"Toa dhahabu! La sivyo nauvunja mlima huu, jiwe baada ya jiwe!"

Akaupiga mlima pembe, puu! Mawe yakaporomoka, watoto pangoni wakaangua kilio. Bi Pimbi akageuka kutazama pangoni. Wachanga wale hawakuweza kwenda popote, na nyumba nyingine hana. Hata hivyo akauliza kwa adabu, "Kwani, Jemadari, huko kwenu mmekosa nini?"

Nyati akapepesa macho. "Mimi ni mtoto wa pili. Baba alipokufa, malisho yote alirithi kaka, mimi nikarithi salamu. Nikirudi na dhahabu, Mfalme atanipa bonde zima na jina refu."

"Mimi jina la nini?" akasema Fisi. "Nataka kula bila kukimbia." Mara akaruka. "Jemadari! Ile pale! Inameremeta!"

Alikuwa ameliona jabali.

"Hapana, wageni wangu!" Bi Pimbi akasema, na alisema kweli tupu. "Kile ni choo chetu."

Wakatazamana. Fisi akacheka mpaka akakaa chini. "Choo! Umeona wapi choo kinachong'aa?" Akaenda kunusa. "Mbona pananukia vizuri!"

"Hiyo ndiyo kawaida ya mwenye mali," akasema Nyati. "Siku zote husema hana."

Mume akanong'ona, "Mama watoto, waambie tena."

"Nimewapa ukweli, wameutema. Sasa nitawapa wanachokitaka."

Bi Pimbi akajitupa chini, mikono kichwani. "Uwiii! Mmetupata! Mali ya mababu jamani!"

"Nilijua!" akasema Nyati.

"Chukueni basi, lakini ina mwiko. Dhahabu hii ni mbichi, haipatani na maji. Ikilowa tu, inatoweka. Chukueni kidogo mnachoweza kukiinua juu mkivuka mto. Nawaomba, msiimalize!"

"Tusiimalize?" Fisi akamkonyeza Nyati. "Amesema tusiimalize!"

Wakakwangua. Kwaru! Kwaru! Pimbi wote wakachungulia kutoka mapangoni, hakuna aliyethubutu kucheka. Mzee mmoja akamnong'oneza Bi Pimbi, "Kona ile imebaki."

"Uwiii, kona ile msiiguse!" akalia Bi Pimbi.

Kona ile ikakwanguliwa mara moja. Jabali likabaki jeupe, safi, na wageni wakaondoka wakiyumba kwa mzigo.

Mtoni, makapu yalikuwa mazito kiasi kwamba miguu ilizama kwenye tope. "Inua juu!" "Inua wewe!" Chubwi! Wote wawili ndani. Ukoko ukayeyuka, maji yakawa rangi ya chai, na harufu iliyopanda pale ilimfanya hata Fisi azibe pua.

"Umeuvunja mwiko!" Nyati akafoka.

"Wewe ndiye uliyejaza makapu!"

Huku mlimani Bi Pimbi hakupata raha. Kila kishindo alidhani ni Nyati anarudi. Mpaka korongo akapita tena, akatua, akisafisha mdomo.

"Una habari gani za ng'ambo?" Bi Pimbi akauliza.

"Makubwa! Nyati ameapa mbele ya Mfalme kwamba dhahabu waliipata, wakaizoa yote, mto ukawanyang'anya. Sasa baraza zima limo mtoni, linachimba tope. Simba mwenyewe amelowa mpaka sharubu."

"Na huku hawaji tena?"

"Waje kufanya nini? Wameapa hamkubakiwa na hata punje."

Bi Pimbi akakaa chini. Alikuwa anacheka na machozi yanamtoka, asijue ni ya furaha au ya hofu. Mumewe, aliyekuwa nyuma yake siku zote hizo, sasa akatoka mbele, akatunisha kifua. "Si nilikwambia hawatatuweza?"

"Ulisema, baba watoto," akajibu Bi Pimbi. "Nilisikia meno yako."

Akaingia pangoni, akawakumbatia wachanga wake, akalala usingizi wa kwanza tangu wageni wafike.

Ndivyo ilivyo, wanangu: mwenye tamaa ukimwambia kweli huona anafichwa, ukimdanganya, hubeba mzigo mwenyewe.