Kofia Kabla ya Kona

Zamani, Jumapili ya mbio ilipofika katika mji wetu mdogo kando ya mto Panaro, hapakuwa na haja ya kengele ya kumwamsha mtu. Injini za silinda kumi na mbili ziliunguruma uwanjani hadi vikombe vikatetemeka kabatini, na akina mama waliokuwa wakikanda unga jikoni walijua kwa masikio tu nani anaongoza. Harufu ya mafuta ilichanganyika na ya vitunguu. Tulirudi nyumbani na mashati meusi kwa moshi, nasi tukajiona wafalme. Sauti ile imekwisha, na mimi sitaacha kuililia.

Tulikuwa na desturi yetu. Wazee walijipanga kwenye ukuta wa Kona ya Kinu wakitega sikio, wasikie kila dereva anaachia mafuta wapi. Aliyechelewa kuachia, akaingia konani roho mkononi, jioni alipewa bakuli la supu yenye tortelini, vifuko vidogo vya unga vilivyojazwa nyama, kwenye baa ya Learco. Aliyeinua mguu mapema kwenye kanyagio aliwekewa supu tupu, isiyo na tortelini hata moja, na ilimbidi ainywe mbele ya watu wote. Ermes Malagoli, dereva na fundi wa injini, hakuwahi kuinywa supu hiyo. Mjukuu wake, Nives, alipoanza kuendesha, wosia wa babu ulikuwa mmoja tu: "Kwetu mguu hauinuliwi, mama."

Lakini siku hazigandi. Sheria za mbio zilibadilika, kila gari likapewa mafuta ya kupimwa, na zile injini kubwa zikakosa nafasi. Loris, mwana wa Ermes na mjomba wa Nives, ambaye sasa ndiye aliyeongoza karakana ya familia, akaleta injini mseto. Ilikuwa ndogo, ikisaidiwa na mota ya umeme. Dereva alipoachia mafuta na kufunga breki, nguvu ambayo zamani ilipotea kwa joto iligeuzwa umeme ikawekwa kwenye betri, kisha ikalisukuma gari lilipotoka konani. Aliyeachia mapema alifaidi mara mbili, maana mafuta yalibaki kwenye tangi na umeme ukaongezeka.

Ermes alipoisikia mara ya kwanza alicheka mpaka akakohoa.

"Loris, umeniletea cherehani! Haya, mshonee mkeo gauni."

Akatoka, na tangu siku hiyo hakukanyaga tena karakana.

Nives akabaki njia panda. Mjomba alimsihi ainue mguu, naye akaendelea kuendesha kama babu. Msimu mzima ukaenda hivyo. Mara mbili mafuta yalimwishia njiani, wenzake wakampita amesimama kama gogo. Ikabaki mbio moja, nayo ilikuwa ya nyumbani. Waandaaji walikuwa wamesema wazi kwamba timu isiyofika nafasi ya tatu hata mara moja msimu huo haitaandikishwa mwaka ujao. Karakana ya akina Malagoli haikuwa na kazi nyingine isipokuwa mbio. Kukosa nafasi hiyo kulikuwa sawa na kuufunga mlango uliofunguliwa na baba yake Ermes.

Alhamisi kabla ya mbio, Bibi Argia, mke wa Ermes, alipika supu ya chenga za mkate mkavu zilizokandwa kwa mayai, na ndani ya sufuria akachemsha ganda gumu la jibini, kama ilivyo desturi ya nyumba zetu.

"Jana mazoezini umeinua mguu," Ermes alimwambia Nives bila kumtazama. "Nimesikia kutoka bustanini."

"Nilijaribu mara moja tu, Babu. Mjomba kaniomba."

"Mara moja inatosha. Learco keshabandika supu tupu jikoni kwake, anakungoja."

Bibi Argia akaweka mwiko chini. "We mzee, unakula nini hapo?"

"Supu. Kwani huoni?"

"Huo ni mkate wa Jumatatu. Na hilo ganda la jibini, si wewe uliyenigombeza nisilitupe? Msumari ukipinda unaunyoosha. Kamba za viatu vya marehemu baba yako umeziweka kwenye kopo mpaka leo. Hutupi kitu! Sasa mtoto akitaka kuokota nguvu inayomwagika kwenye breki, unamwita mwoga?"

"Breki zetu ziliwaka nyekundu, Argia! Jioni ungeziona kama makaa!"

"Niliziona. Zilipendeza, wala sikatai. Lakini ilikuwa supu inamwagika, mume wangu, ila tu ilikuwa inang'aa."

Ermes alisukuma bakuli, akachukua kofia yake nyeupe, akatoka amenuna. Bakuli, hata hivyo, alikuwa amelimaliza.

Jumapili ikawadia. Nives alianza wa saba, akapanda hadi wa tano, na kila alipofika Kona ya Kinu alichelewa kuachia mafuta kama alivyofundishwa. Wazee ukutani walishangilia. Redioni, sauti ya Loris ilikuwa imekauka.

"Nives, kwa mwendo huu hufiki. Inua mguu, nakuomba!"

"Siwezi, Mjomba. Wote wako pale ukutani. Babu pia yuko."

"Na karakana je?"

Nives akachelewa tena kuachia mafuta. Aliitaka karakana kuliko kitu chochote, lakini mguu wake ulikuwa mzito. Alimwogopa babu kuliko kushindwa.

Ukutani, Learco alikuwa akimpigapiga Ermes mgongoni. "Damu yako hiyo! Maji hufuata mkondo!" Ermes hakucheka. Ng'ambo ya barabara alimwona mwanawe Loris ameshika kichwa kwa mikono miwili, na kumwona mwana wako vile ni kitu kinachochoma. Akajitoa ukutani, mahali aliposimama tangu alipoacha kuendesha, akaanza kutembea kando ya uzio kuelekea magari yanakotokea, mbali na kona.

"Unakwenda wapi? Uhondo uko huku!"

Hakugeuka. Alitembea mpaka kwenye nguzo ambayo Loris alikuwa akimtajia Nives msimu mzima, hata mezani nyumbani, kwamba hapo ndipo pa kuinua mguu. Akavua kofia, akainyanyua juu ya uzio.

"Ermes kachanganyikiwa!" wazee walipiga kelele. "Utakunywa supu tupu uzeeni!"

"Iandaeni!" Ermes akajibu. "Na kijiko kiwe kikubwa!"

Nives aliiona kofia. Akainua mguu, na gari likanyamaza, likateleza kuelekea konani. Ukutani wakazomea, "Supu! Supu!" Kila alipozunguka kofia ilikuwa palepale, naye akainua mguu palepale. Alipitwa, akarudi wa sita, akavumilia. Kisha mbio zilipokaribia kwisha, waliokuwa mbele wakaanza kulegea mmoja mmoja, kwa kuwa mafuta waliyatapanya mapema. Akampita mmoja, akampita mwingine, akawa wa nne. Katika mzunguko wa mwisho alitoka Kona ya Kinu nyuma ya gari la tatu, akakanyaga mafuta yote yaliyobaki, na umeme wote uliowekwa kwenye betri ukamsukuma. Alilipita gari lile kabla tu ya mstari.

Alipoukimbilia uzio, Ermes alikuwa bado ameinua mkono, umekakamaa.

"Babu, wamekuzomea."

"Waache wazomee." Machozi yalimtiririka bila kificho. "Naikosa ile sauti ya zamani, mjukuu wangu. Nitaikosa mpaka kaburini. Gari likipita kimya vile, naona kama ujana wangu umenipita bila kunisalimu."

"Nami naikosa, Babu. Wewe ndiye uliyenifundisha kuipenda."

"Basi tutaikosa wote wawili. Lakini kesho asubuhi mlango wa baba yangu utafunguliwa, na nitaufungua mimi mwenyewe. Nipe mkono, twende karakana."

Nives alikuwa ameokota kidogo katika kila kona huku akizomewa, na kidogo hicho ndicho kilichookoa nyumba ya vizazi vinne. Siku hiyo hata wazee wa ukutani walikiri, wakimwona Ermes akienda karakana ameshikwa mkono na mjukuu wake, kwamba akiba haiozi.