Jongoo Bahari Alivyokataa Kuwa Jamvi

Zama hizo bahari ilikuwa na maji yaleyale na chumvi ileile, ila jongoo bahari alikuwa laini kutwa kucha, laini kama ugali uliomshinda mpishi. Hana mfupa, hana meno, hana hata jicho la kumkatia mtu. Basi samaki Chewa, mkubwa wa mwamba, akaona hapo pana fanicha.

Kila alipofanya karamu, majongoo walilazwa mlangoni kwake wawe majamvi, wageni wakawakalia. Karamu ikiisha, wengine hawakuamka tena. Mmoja wao alikuwa mama wa jongoo kijana aitwaye Mwanamvua.

Siku Chewa alipooa mke wa saba, Mwanamvua naye akalazwa. Desturi ilimtaka bwana harusi ajaribu jamvi kabla ya wageni. Chewa akajishusha na tumbo lake lote, akihema.

Mwanamvua akamkumbuka mama yake. Hakuwa na silaha isipokuwa ngozi, basi hasira yote akaipeleka hukohuko. Ngozi ikakaza mpaka ikawa kama gogo la mkoko.

"Nani kaweka jiwe hapa?" Chewa aliuliza, akijisugua tumbo mbele ya wakwe.

"Si jiwe, mzee. Ni mimi, mtoto wa jamvi lako la mwaka jana."

"Lainika, we mwanamke."

"Nitakapotaka mwenyewe."

Kaa akaitwa amvunje. Likasikika *ka*, na kaa akaondoka na gando moja. Hakuna aliyecheka, maana aliyecheka kwa Chewa alikuwa anaongeza kitoweo.

Chewa akapanua kinywa ammeze. Hapo Mwanamvua akajilegeza, akawa uji, akatiririkia kwenye ufa wa mwamba usiopitisha hata dagaa. Alipofika ndani akakaza tena, ncha tu ikibaki nje. Pweza akavuta, papa akavuta, bibi harusi naye akavua pete akavuta. Wapi.

"Sasa wageni wangu watakalia nini?"

"Wakalie mikia yao, baba," sauti ikajibu ufani. "Ndiyo waliyozaliwa nayo."

Majongoo waliolala mlangoni wakasikia. Wakakaza, mmoja baada ya mwingine. Harusi ile ililiwa wima.

Kuanzia karamu hiyo, mguse jongoo bahari atakaza. Mwache, atalainika kwa saa yake. Leo wapo wataalamu wanaomwiga, wakitafuta vifaa vya tiba vinavyoingia mwilini vikiwa vigumu, kisha vilainike visimjeruhi mgonjwa. Wamesoma miaka mingi hao. Mwanamvua alisomea chini ya tumbo la Chewa.