Kizibo cha Kajiru

Paukwa!
— Pakawa!
Pakawa kibuyu.
— Kikawa na nini?
Kikawa na kizibo. Basi sogeeni, mniachie nafasi ya miguu, magoti yangu si ya juzi.

Hapo zamani, milimani Upare, paliondokea marafiki wawili, Kajiru na Mrindoko. Walichunga mbuzi pamoja, wakapita jandoni pamoja, wakaanza dengelua pamoja. Dengelua ni pombe ya miwa. Mnacheka? Babu zenu waliijua. Kinu katikati, vijana huku na huku, na wimbo wao:

Twanga, muwa, twanga,
maji yako yatuimbishe.

Ah, siku zile. Hata sasa nikiutaja wimbo huo nasikia harufu ya miwa. Lakini dengelua ilianza kwa kunywewa na watu, ikaishia kuwanywa watu. Mashamba yakaota magugu, watoto wakalala na njaa.

Siku moja Kajiru akaacha. Na kwao mtu akiacha pombe, kibuyu chake hukitundika chemchemini, wapita njia wakanywea maji. Kajiru akakitundika. Wanawake wakapiga vigelegele, wazee wakampa mkono. Ila kizibo, jamani, kizibo hakukipeleka. Alikifunga kwenye pindo la shuka. Akiwa peke yake hukifungua, akakinusa, akakifunga tena. Nani alijua? Kajiru na pua yake.

Mrindoko akabaki na dengelua. Akakonda, miguu ikavimba, tonge likawa halishuki. Kajiru akaapa, "Huyu nitamtoa mimi." Lisikieni vizuri neno hilo: mimi.

Basi kila asubuhi akawa anampelekea uji wa ulezi. Njia yake sokoni, shingo juu.

"Waenda wapi, Kajiru?"

"Kumwokoa ndugu yangu."

Wakamsifu, akasifika. Akifika, Mrindoko hugeukia ukutani. "Wape mbuzi," husema.

Nakijwa, mkewe Mrindoko, alikuwa na macho yanayoona na ulimi usiolala. Akamwambia, "Shemeji, mganga kasema uji huu utamponya, ila anayeuleta asisifiwe njiani. Akisifiwa, dawa imetoka."

Mganga yupi? Hapakuwa na mganga. Lakini nyamazeni, msimwambie Kajiru.

Asubuhi ya kwanza akapita sokoni kichwa chini. Wakamsifu kwa unyenyekevu wake. Sifa zikamfikia Nakijwa, akaumwaga uji.

Asubuhi ya pili akapita nyuma ya migomba. Alipowakaribia wanawake wanaopalilia, kikohozi kikamshika. Kho, kho, kho. Wakageuka. "Kajiru huyo, mtu wa moyo." Uji ukamwagwa.

Asubuhi ya tatu akapita korongoni. Hakukohoa. Hakuona mtu, wala mtu hakumwona. Na njia nzima hasira ikawa inampanda, hata akatua chungu, akakaa juu ya jiwe.

"Kajiru," akajiambia, "unamkasirikia nani? Uji u moto, njia ni nyeupe, rafiki yako anakusubiri. Umekosa nini?"

Akajijibu, maana hapakuwa na mwingine wa kujibu. "Nimekosa wa kuniona."

Neno lile lilimuuma kuliko njaa. Mkono ukaenda wenyewe kwenye pindo. Akakitoa kizibo, akakitazama kweupe. Watu walikisifu kibuyu, hiki hawakukijua. Mficha uchi hazai. Akalia pale korongoni, mtu mzima, na machozi yake.

Alipofika hakukalia kigoda. Alikaa chini, karibu na kitanda.

"Mrindoko, mimi sikuja kukuokoa. Nilikuja ili niambiwe nimekuokoa. Na pombe nimeiacha nusu. Kizibo changu hiki, nakinusa kila siku."

Kwa mara ya kwanza Mrindoko akageuka kutoka ukutani.

"Hata wewe?"

"Hata mimi."

"Kila ulipokuja umesimama wima, mimi nilizidi kulala. Nilisema mwenzangu kavuka, nimebaki peke yangu." Akanyoosha mkono. Akakinusa kizibo polepole, macho kayafumba. "Kajiru, hiki kinanuka ujana wetu."

"Ndiyo maana sikuweza kukitupa."

Wakakaa, kila mmoja na kinu chake moyoni. Kisha Mrindoko akampa mkewe kizibo, Nakijwa akakitia motoni. Wakakitazama kikiungua, nao wanalia bila kuoneana haya.

"Lete uji," akasema Mrindoko.

"Umeshapoa."

"Umepoa, lakini utashuka."

Ukashuka. Je, alipona siku ile? Msinidanganye kwamba mmeamini. Alianguka, akaamka, akaanguka tena. Kajiru akawa anapita korongoni, asubuhi kwa asubuhi, na walio sokoni wakasema siku hizi Kajiru kawa mvivu, haonekani. Akawaacha waseme.

Masika yalipokwisha, kibuyu cha pili kikatundikwa chemchemini kando ya kile cha kwanza. Wanawake wakapiga vigelegele, wakauliza, "Mrindoko, nani aliyekutoa?"

Kajiru alikuwa amesimama nyuma kabisa, ameinamisha macho.

"Mgonjwa mwenzangu," akajibu Mrindoko, wala hakumtaja.

Tangu hapo, milimani kule, anayeleta kibuyu hukileta na kizibo chake, kikachomwa mbele ya watu. Na miaka mingi baadaye, siku miwa ilipokomaa, Kajiru na Mrindoko, sasa wazee, walionekana wakichota maji, wakiimba kwa sauti za zamani:

Twanga, muwa, twanga.

Hadithi yangu imefika chemchemini, nami nimetua mtungi. Mwenye kiu achote, asiye na kiu amwachie mwenziwe.