Njia Inayopita Barazani

Katika kijiji kimoja cha Wasunda, huko Java Magharibi, Mama Onih alifiwa na mumewe. Eda ilipokwisha tu, tajiri Hardiman akaja kutoka Jakarta kuidai nyumba.

"Marehemu aliahidi kuniuzia," alisema. "Nataka mahali penye kimya."

Mama Onih hakutaka kuhama, lakini aliogopa kuvunja ahadi ya marehemu.

"Ni kweli aliahidi, Bwana. Mimi akili zangu nilizizika pamoja naye, siwezi kubishana. Kaa kwanza siku tatu, uionje. Ila kwetu anayepita mbele ya baraza huomba njia, 'Punten,' nawe humjibu, 'Mangga.' Usipojibu, huna adabu."

"Hilo tu? Hata kasuku ataweza!"

Asubuhi Hardiman aliketi barazani na kahawa yake.

"Punten!" akapita mwenye jembe.

"Mangga."

Akafuata mwenye bata kwapani, kisha bibi mwenye kikapu, kisha wengine na wengine. Kufikia adhuhuri kahawa ilikuwa imempoa mara tatu. Siku ya pili alimjibu hata jogoo.

Siku ya tatu alifunga begi. "Mama, hii si nyumba, ni stendi! Siitaki tena. Marehemu nimemwachilia ahadi yake."

"Mungu akulipe heri, Bwana. Nami mjinga nilidhani utaipenda."

Gari lilipotokomea, majirani wanane walijitupa barazani, wakavua kofia walizokuwa wakibadilishana, wakaanza kujikanda miguu. Njia ile haikwenda popote. Ilizunguka bwawa la samaki nyuma ya nyumba na kurudi palepale.

"Onih, bata wangu hataki hata kuniona," alilalamika mmoja.

"Nisamehe, ndugu yangu," alisema Mama Onih akimimina chai. "Ningekuwa na akili, ningechimba bwawa dogo zaidi."