Jumba la Starehe la Askerby

Waliosema kwamba kipya kinyemi ingawa kidonda hawakukusudia kumcheka mtu. Waliona jinsi moyo wa binadamu unavyovutwa na kitu kigeni hata pale kinapomuuma, akabaki hajui acheke au alie. Ndivyo ilivyomfika Enid Sowerby, muuza jibini wa mji wa Askerby, kaskazini mwa Uingereza.

Mji wenyewe ulikuwa umechoka kama mgonjwa asiye na wa kumuuguza. Kiwanda cha mazulia kilipofungwa, maduka ya barabara kuu yalifuata moja baada ya jingine, madirisha yakapigiliwa mbao. Kilichobaki kikipumua ni soko la ndani, jengo la matofali lenye paa la vioo lililovuja kila mvua iliponyesha, na huko mvua hainyeshi kwa kubahatisha. Humo Enid aliuza jibini, kama mama yake kabla yake. Mkabala naye alikaa Muriel, muuza sufu na vifungo. Wawili hao walikuwa chanda na pete.

Halmashauri ilipotangaza kwamba soko litavunjwa ili pajengwe jumba la starehe, lenye sinema, mikahawa na ukumbi wa mchezo wa kuvingirisha matufe ili kuangusha magongo, Enid na Muriel walisimama mvuani na mabango hadi sauti zikawakauka. Wapi! Kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Siku tingatinga lilipoangusha ukuta wa mbele, Muriel alimshika mwenzake mkono.

"Mimi na wewe, shoga, mguu wetu haukanyagi humo hadi tuzikwe."

"Haukanyagi," Enid alijibu.

Wachuuzi walipewa mahema kando ya maegesho ya magari. Muriel hakuiweza baridi ya pale. Akahamia kwa binti yake, pwani. Enid alibaki, akiling'ang'ania hema ambalo upepo ulilitaka kila siku.

Jumba likafunguliwa, na hapo ndipo akili yake ilipoanza kuvurugika. Alitarajia libaki tupu, watu waone haya. Kumbe walimiminika kama siafu. Barabara iliyokuwa ya njiwa ikajaa watoto, vijana na vikongwe. Baadhi yao walisimama wakanunua jibini. Wengine walimpita na ndoo za bisi kama wasiomwona. Akifurahi, alijiona msaliti. Akinuna, alijiona mchawi.

Kilichomchanganya zaidi ni mumewe, Clifford. Tangu kiwanda kifungwe, mzee huyo alikuwa amezama katika kiti cha sebuleni, na maneno yake ya kutwa yalikuwa "ndiyo", "hapana" na "chai". Sasa alianza kunyoa ndevu. Kila Jumanne alasiri alitoka, na alirudi akipiga mluzi.

"Ulikuwa wapi?" Enid alimuuliza.

"Nilikuwa nanyoosha miguu."

"Na huo mluzi?"

"Umekuja wenyewe."

Enid alishuku kuna mwanamke. Jumanne iliyofuata alifunga hema mapema, akamfuata kwa mbali, akamwona anaingia katika jumba lile lile. Alisimama mlangoni. Kiapo kilimvuta nyuma, wivu ukamsukuma mbele. Wivu ukashinda.

Ndani kulikuwa na taa za zambarau, muziki, na harufu ya vitunguu vya kukaangwa. Wazee wa kiwanda cha mazulia walikuwa wamejaa tele, wamevaa viatu vya kukodi vya rangi mbili. Clifford alivingirisha tufe zito kwenye njia yake ya mbao. Kati ya magongo kumi yaliyosimamishwa mwisho wa njia, yakaanguka mawili.

"Clifford, hata mazulia ulikuwa unayafuma kombo," mmoja alimtania.

Clifford akacheka. Enid alikuwa amekisahau kicheko kile. Kisha mzee akageuka, akamwona mkewe, uso ukampauka.

"Hapo uliposimama," Enid alisema polepole, "palikuwa na meza yangu."

"Najua. Huwa naomba njia hii hii."

"Ili uikanyage vizuri?"

"Ili nisiwe mbali na wewe, mke wangu. Nilishindwa kukuambia. Ungenichuna ngozi."

"Na bado nitakuchuna."

Alitaka kuondoka, miguu ikakataa. Clifford akamletea viatu. "Tupa moja tu, halafu unichune."

Tufe la Enid lilikwenda mwendo wa kobe, likapinda, likanyooka, na magongo yote yakaanguka. Wazee walipiga sakafu kwa miguu. Enid alijikuta ameinua mikono juu akicheka, na machozi yanamtiririka, asijue ni ya nini.

Jioni alimpigia simu Muriel. "Shoga, nimekanyaga."

"Umekanyaga?"

"Nilimfuata Clifford. Nikacheza. Nikaangusha yote."

Enid alingoja matusi.

"Ni pazuri?" Muriel aliuliza hatimaye.

"Ni pazuri. Na panauma. Nimesimama ilipokuwa meza ya mama yangu, nikacheka. Sijui mimi ni mtu wa namna gani."

"Jumamosi nakuja kwa treni," Muriel alisema. "Usiniambie neno. Nataka kuona walichoweka penye vifungo vyangu."

Walikuwa wameweka meza ya aiskrimu. Muriel aliitazama kwa chuki, mkoba ameukumbatia kifuani, kisha akaagiza kikombe kikubwa kuliko vyote. Akala akiwa amesimama, kijiko kwa kijiko, huku pua ikimchuruzika.

"Mbaya?" Enid aliuliza kwa woga.

"Tamu," Muriel alisema, akilia. "Tamu, laana iwashukie. Lete kijiko na wewe."

Wakala pamoja hadi kikombe kikaisha, wala hakuna aliyeweza kumweleza mwenzake kilichokuwa moyoni mwake. Hakika, kipya kinyemi ingawa kidonda.